Majani Yamepiga Manjano Baada ya Kutandaza Maranda? Pa Kuanzia kwa Bustani za Malindi na Lamu

Mabaki ya mimea hatujayakosa hapa pwani. Wachongaji wa Malindi wanamwaga vibanzi na maranda kutwa kucha, maseremala wana magunia ya vumbi la mbao wasilojua walipeleke wapi, na kila boma lenye minazi lina lundo la makumbi nyuma ya jiko. Ukivuka kwenda Lamu utakuta vibanzi vya tezo kwa mafundi wa majahazi Matondoni, na samadi ya punda mitaani mpaka watu wanashukuru ukija kuizoa. Vyote hivi vinafaa shambani. Tatizo ni kwamba mtu huvimwaga bustanini siku moja, baada ya wiki chache mchicha ukapauka, na jirani akatoa hukumu: "Mbao ina sumu hiyo, iondoe."

Mara nyingi mbao haina kosa. Kosa huwa ni namna ilivyowekwa, au hali iliyokuwa nayo siku ya kuwekwa, au chumvi na rangi iliyokuja nayo kutoka ilikotoka. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia dukani kununua dawa, inama uangalie mmea unaumwa wapi. Swali la kwanza ni hili: yameanza kupauka majani yapi, ya chini yaliyozeeka au ya juu yanayochipuka? Jibu lake peke yake linakuondolea nusu ya mashaka.

Majani ya chini yamekuwa manjano, mmea umedumaa

Hii ndiyo kesi inayoletwa sana, na karibu kila mara mwenye shamba amelima maranda au vumbi la mbao ndani ya udongo. Alitaka kuulainisha mchanga, nia njema kabisa.

Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji kirutubisho cha naitrojeni ili vizaane, na ndani ya mbao naitrojeni ni haba mno. Vumbi la mbao huwa na takriban sehemu 400 za kaboni, pengine zaidi, kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Uozaji unaokwenda vizuri unataka kama 25 hadi 30 kwa 1. Samadi ya kuku iko karibu na 10 kwa 1. Vijidudu vikikosa ndani ya mbao, vinachota kwenye udongo, na mzizi wa sukuma wiki hauna ubavu wa kushindana navyo. Mmea unaanza kuhamisha naitrojeni iliyomo kwenye majani ya zamani kuyapelekea machanga, ndiyo maana manjano yanaanzia chini. Jani zima linapauka, mishipa na yote.

Sasa angalia tofauti. Maranda yaleyale yakitandazwa juu, bila kuchanganywa, huchota naitrojeni pale tu yanapogusana na udongo, sentimita moja au mbili za juu. Mizizi ya mmea ulioshika iko chini ya hapo na haioni taabu. Kwa hiyo vibanzi vikubwa juu ya udongo, unene wa sentimita 5 hadi 10, ni salama kwa mpapai, mwembe, ndimu, bilingani. Vumbi laini lisizidi sentimita 3 hivi, kwa sababu nitakayoieleza mbele kidogo. Miche michanga ndiyo ya kuangaliwa, kwani mizizi yake bado iko hapohapo juu. Sogeza matandazo pembeni mpaka ikue.

Kama huna hakika kwamba ni naitrojeni, chagua kipande cha tuta, mimea minne mitano tu, ukipe yuria, mbolea ya naitrojeni: kijiko kimoja cha chakula ndani ya lita 10 za maji, ukimwagie kwenye udongo wenye unyevu. Kingine kiache. Baada ya wiki hivi kile kipande kikianza kurudi kijani, umepata jibu. Usiinyunyize yuria kavu juu ya matandazo. Udongo wetu una chokaa, na yuria ikikaa juu yake hugeuka hewa ya amonia ikapotea; ukipita asubuhi unasikia harufu yake puani, hiyo ni pesa yako inaondoka. Iyeyushe, ipeleke chini na maji.

Ikiwa vumbi limeshalimwa ndani, huwezi kulitoa lote, usijichoshe. Endelea kulisha naitrojeni kidogo kidogo, yuria au maji ya samadi ya kuku iliyolowekwa, au upande kunde na pojo msimu huo. Mikunde hujitengenezea naitrojeni kwenye vifundo vya mizizi yake, kwa hiyo hustahimili pale ambapo mchicha unalia. Kwa joto la huku na unyevu wa masika, msimu mmoja au miwili vumbi huwa limelainika, na naitrojeni iliyokuwa imeshikwa inaanza kurudi.

Anayetaka kuchanganya mbao na udongo tangu mwanzo aitengeneze mboji kwanza. Hesabu ya kukadiria ni kwamba kilo 100 za vumbi kavu zinataka karibu kilo 1 ya naitrojeni ili zioze bila kuombaomba. Yuria ina asilimia 46, kwa hiyo ni kilo 2 na kidogo. Mwenye kuku atumie samadi, na walio Lamu wana punda. Samadi ya punda ina ila moja: mnyama huyu hasagi chakula sawasawa na ng'ombe, mbegu za magugu zinapita tumboni mwake zikiwa hai. Ipike ndani ya lundo mpaka ipate moto wa kutosha, hadi mkono ukiingizwa katikati haukai. Anayeitandaza mbichi huvuna majani asiyoyapanda.

Majani machanga ni manjano, lakini mishipa imebaki kijani

Hapa watu wengi hukosea, wanaongeza yuria na mmea hauitiki. Manjano yakianzia juu, na jani likawa kama wavu wa kijani juu ya kitambaa cha manjano, mmea unakosa chuma. Ndimu, michungwa, mahindi na hata pojo huonyesha hivyo kwenye mchanga wa matumbawe.

Chuma kimo udongoni, ila chokaa imekifunga. Jaribu hivi: chukua udongo mkavu kiganja kimoja, uweke kwenye kisahani, umwagie kijiko cha siki. Ukichacharika na kutoa povu, una chokaa nyingi. Kando ya bahari Malindi na sehemu nyingi za kisiwa cha Lamu utachacharika. Udongo mwekundu wa Magarini, au wa tope kando ya Mto Sabaki, mara nyingi hauna fujo hiyo.

Utasikia mtu akisema vumbi la mbao linatia udongo ukali wa asidi. Kwenye udongo wa matumbawe nakuhakikishia hilo halikufikishi mbali. Ukali wa mbao ni mdogo na wa muda, na chokaa iliyopo itaumeza bila hata kujua. Kwa hiyo usitandaze maranda ukitegemea yataiponya ndimu yako kwa njia hiyo. Kinachosaidia ni mboji iliyoiva, tena nyingi, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa inashika chuma katika hali ambayo mzizi unaweza kukinywa. Kwa haraka, pulizia majani dawa ya chuma. Ukitaka ya kuweka udongoni, soma pakiti uhakikishe ni ile ya EDDHA, herufi za kemikali inayokibeba chuma. Ile ya EDTA, ambayo bei yake ni nafuu zaidi, hushindwa kazi kwenye chokaa.

Na jivu la jiko! Hii ni desturi ya kila nyumba: jivu linamwagwa shina la ndimu. Jivu ni chokaa juu ya chokaa. Lipeleke kwenye udongo mwekundu wa bara kule, au ulipe shimo la choo.

Ncha na kingo za majani zimeungua rangi ya kahawia

Fikiria chumvi kabla ya kitu kingine. Inaingia kwa njia kadhaa.

Ya kwanza ni makumbi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike yapigwe usumba yamekunywa maji ya bahari miezi kadhaa. Vumbi linalobaki baada ya kuyapiga linapendeza sana kwa miche, jepesi, linashika maji, lakini chumvi imo. Hata kumbi lililotoka moja kwa moja mnazini lina chumvi za potasiamu na sodiamu. Loweka kwenye maji matamu, mwaga, rudia mara mbili tatu. Au litandaze wazi linyeshewe masika yote, kisha ndiyo ulitumie. Mwani uliotupwa na bahari ushughulikie vivyo hivyo.

Ya pili ni magamba na vipande vya mikoko vinavyobaki kwa wauza boriti. Mti uliokulia kwenye maji ya chumvi una chumvi, na magamba yake yana tanini nyingi, yaani ukakasi, ndiyo yaliyokuwa yakitumika kutengenezea ngozi. Siwezi kukataza, ila mimi hayo ningeyatandaza njiani, pale ninapotaka lisiote kitu.

Halafu kuna kisima. Kabla ya kuyasingizia makumbi, tafuta mmea unaonyweshwa maji yaleyale lakini hauna matandazo. Ukiwa nao umeungua, maji ndiyo mwenye kesi. Matandazo hapo yanakusaidia, kwa sababu yanapunguza jua kuyafyonza maji na kuiacha chumvi juu ya udongo. Lakini hayaiondoi chumvi. Kinachoiondoa ni mvua kubwa au maji matamu ya kutosha kuisukuma chini kupita mizizi. Kumwagilia maji ya chumvi kidogo kidogo kila jioni ni kuikusanya. Maharagwe, vitunguu na jamii ya michungwa hulalamika mapema. Mnazi unakaa kimya.

Asubuhi umeamka, mimea imeungua kama imepitiwa na moto

Jana ulitandaza, leo majani yamekauka au yamegeuka meupe. Hakuna naitrojeni inayopungua kwa kasi hiyo. Chukua konzi ya matandazo yaliyobaki kwenye gunia unuse. Ukisikia siki, au amonia, au yai viza, umepata.

Vibanzi vibichi na vumbi lililolowa likashindiliwa ndani ya magunia ya nailoni, au kwenye lundo refu lisilogeuzwa, hukosa hewa. Uozaji unaendelea bila hewa na kutoa asidi na gesi zinazochoma majani na shina laini. Masika ndiyo msimu wake: fundi amekuwekea magunia pembeni ya karakana, yamenyeshewa wiki nzima, wewe unayapokea yakiwa na joto. Yafungue, yatandaze chini unene wa kiganja, yageuze, uyaache siku mbili tatu mpaka harufu iwe ya mbao au ya udongo wa msituni. Mimea iliyokwisha kuungua iondolee matandazo hayo na uimwagilie maji mengi. Ikiwa kitovu cha mmea kingali kizima, itachipua.

Chicha ya nazi nayo iko kundi hili. Ukiimwaga shambani kwa wingi inachacha kwa siku moja, inaita siafu na panya. Wape kuku.

Mbegu hazioti, au zinaota na kufa

Kwa shaka yoyote kuhusu kitu ulicholetewa, pojo litakwambia. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja jaza udongo wako mtupu. La pili jaza udongo huohuo uliochanganywa nusu kwa nusu na hicho unachokishuku, kikiwa kimelowa. Panda punje kumi kumi, weka kivulini, mwagilia sawa. Siku ya tatu au ya nne utaona vichwa vikitoka. Kopo la kwanza likitoa tisa na la pili likatoa tatu, au zikatoka zote lakini za pili zina vimizizi vifupi vyenye ncha za kahawia, hicho kitu usikipeleke kwenye tuta la mbegu. Jaribio hili halikuambii sababu, lakini linaokoa msimu.

Sababu zenyewe ni hizi ninazozifahamu. Majani ya mvinje, yale kama sindano, yana tanini nyingi na huzuia mbegu nyingi kuota. Ukitaka ushahidi, angalia chini ya mvinje wowote ufukweni kama kuna kinachomea. Muhugu una mafuta ndani, ndiyo maana wachongaji wanaupenda, na vibanzi vyake haviozi upesi. Kwa njia za bustani ni bora kuliko kwa tuta. Vibanzi vya mkilifi, yaani mwarobaini, ukivitandaza juu kwenye mimea mikubwa havina neno, ila usivichanganye kwenye kitalu. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayobabua ngozi ya mtu, sembuse mzizi wa mche. Hayo yaache kabisa.

Kisha kuna sumu ya kweli, ile ambayo jirani angekuwa sahihi. Mbao zilizotiwa dawa, zile nguzo zenye rangi ya kijanikijani, nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki. Vumbi lake halifai bustani ya chakula, na halifai kuchomwa jikoni. Plaiwudi na mbao za kubandikwa zina gundi. Kwa wachongaji, omba vibanzi vya kuchonga na si vumbi la msasa la mwisho, kwa kuwa huko ndiko kuna rangi na vanishi. Na Matondoni, chukua vibanzi vipya vinavyoruka kwenye tezo. Mabaki ya kukwangua chombo kikuukuu yana deheni, yaani mafuta yanayopakwa chombo, na rangi za chini ya maji, ambazo kazi yake ni kuua kinachotaka kumea. Mafundi hawakatai ukieleza ni ya nini. Kitakachokukwaza ni kufika jioni, wakati vyote vimeshafagiwa lundo moja.

Unamwagilia, lakini chini ni kavu

Chimba kwa kidole. Juu pamelowa, sentimita moja chini ni vumbi. Hii ndiyo sababu niliyosema vumbi laini lisizidi sentimita 3: likikauka sana wakati wa kaskazi linashikamana na kuyakataa maji, yanateleza pembeni. Litifue kwa reki, lilowe polepole, kisha uongeze juu yake vibanzi vikubwa au makuti yaliyokatwakatwa. Safari nyingine anza kumwagilia udongo, halafu ndiyo utandaze. Matandazo hufunika unyevu uliopo. Ukifunika ukavu, unautunza ukavu.

Wadudu, uyoga na wageni wengine

Uyoga juu ya vibanzi na utando mweupe katikati yake ni kazi ya uozaji, uache. Usiule tu.

Jongoo pia waache. Bamburi, kule Mombasa, walipopanda mivinje kwenye machimbo ya saruji kuanzia mwaka 1971, majani yake yalilundikana bila kuoza kwa sababu ya tanini. René Haller aliyesimamia kazi hiyo aliwaleta jongoo wayatafune, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo juu ya jiwe tupu. Ukiwa na matandazo ya mvinje na ukamwona jongoo, mshukuru.

Mchwa ni habari nyingine, ingawa si mbaya kama wanavyosemwa. Wanakuja kula mbao iliyokufa, na mmea wenye afya kwa kawaida hawauhangaikii. Mahindi yaliyochoka kwa kiu ndiyo huangushwa. Weka matandazo umbali wa kiganja kutoka shina, na usiyalaze kwenye ukuta wa nyumba wala nguzo za banda. Hiyo nafasi ya shina ina faida ya pili, maana gamba likikaa limelowa huoza, mpapai kwanza.

Ukifukua lundo ukakuta funza wakubwa weupe waliojikunja, wanene kama kidole gumba, usiwafunike tena. Wanaweza kuwa watoto wa yule mbawakawa mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi. Anazaliana kwenye vigogo vya minazi vilivyooza na malundo ya samadi. Wape kuku, na lundo uligeuze mara kwa mara. Lundo la aina hiyo lililoachwa mwaka mzima chini ya minazi ni kujitafutia hasara.

Konokono wakizidi masika, punguza unene kuzunguka miche na uwaokote usiku kwa tochi.

Ndago hutoboa matandazo yoyote, hata sentimita 10, kwa sababu lina chakula chini kwenye vitunguu vyake. Katoni zilizotandikwa chini ya vibanzi hulichelewesha, halafu ni kung'oa. Upepo wa kusi ukipeperusha vumbi lako mpaka kwa jirani, lilowe na ulifunike kwa makuti yaliyolazwa. Na lundo kavu la maranda, kuanzia Disemba hadi mvua zianze, liwe mbali na jiko na mbali na paa la makuti, kwa kuwa cheche moja inatosha.